Jimmy Ross au Johnny Campbell? Fowadi gani wa Kiskoti wa enzi za mwanzo uanze naye

Kama umeamua kuingia kwenye historia ya soka na unataka umshike fowadi mmoja tu wa Kiskoti wa zile enzi za mwanzo za wachezaji wa kulipwa, umsome mpaka umjue vizuri, iwe kwa ajili ya makala, podikasti au ubishi wa kijiweni, utakutana na majina kibao na mengi yanachanganya. Nimeona watu wanaanza na jina lolote lililowapitia halafu wanakwama katikati. Kwa hiyo hapa nawaweka wawili wakubwa ubavu kwa ubavu, Jimmy Ross wa Preston na Johnny Campbell wa Sunderland, halafu nitagusa wengine wachache ambao huenda wakakufaa zaidi kutegemea unatafuta nini. Mimi niko upande wa Ross, nasema mapema kabisa ili usome ukijua nimeegemea wapi.

Tuanze na mazingira, maana bila hayo namba zote utazielewa vibaya. Miaka ya 1880 timu zilicheza na mabeki wawili, viungo watatu na mafowadi watano mbele, yaani mawinga wawili, wa ndani wawili na mmoja wa kati. Ofsaidi ya wakati ule ilikuwa kali kuliko ya leo, ulitakiwa uwe na wachezaji watatu wa timu pinzani kati yako na goli, na sheria hiyo ikakaa hivyohivyo mpaka 1925. Penalti haikuwepo mpaka 1891. Kipa unaweza kumpiga kikumbo akaingia na mpira golini na refa asione tatizo lolote. Na kubwa zaidi, kulipwa kucheza mpira Uingereza kulihalalishwa Julai 1885, Uskoti ndiyo wakachelewa mpaka 1893, kwa hiyo kwa miaka hiyo nane Mskoti mwenye kipaji aliyetaka kulipwa waziwazi alikuwa na njia moja tu, apande treni aende kusini. Huko Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, viwanda vya pamba vilikuwa na pesa na watu wenye Jumamosi mchana huru wakitafuta burudani, na Waskoti walikuwa wanajua kitu ambacho Waingereza wengi walikuwa bado, kupasiana. Waingereza walizoea mtu anachukua mpira anakimbia nao mpaka anyang'anywe, Waskoti wao wanagongeana. Ndiyo maana walitafutwa sana.

Sasa Jimmy Ross. Alizaliwa Edinburgh 1866, akacheza St Bernard's ya hukohuko, kisha akamfuata kaka yake Nick aliyekuwa ametangulia kwenda Preston North End mwaka 1883. Nick alikuwa beki na nahodha, na watu wa wakati ule wengi walimuona ndiye mkubwa kuliko mdogo wake, kwa hiyo ukisoma jina Ross kwenye habari za Preston hakikisha kwanza unasoma habari za nani. Preston ilikuwa mikononi mwa William Sudell, bosi wa kiwanda cha pamba, na huyu Sudell ndiye aliyelipua bomu Januari 1884 pale klabu ya Upton Park ya London ilipolalamika kwamba Preston inalipa wachezaji. Badala ya kukana kama ilivyokuwa kawaida ya viongozi wenzake akakubali wazi kwamba ndiyo, tunalipa, na wengine wote wanalipa. Preston wakatupwa nje ya Kombe la FA, lakini mwaka mmoja na nusu baadaye FA yenyewe, chama cha soka cha Uingereza, ikasalimu amri. Jimmy kwa hiyo anakulia kwenye klabu iliyokuwa katikati kabisa ya vita ile.

Halafu inakuja ile Jumamosi ya tarehe 15 Oktoba 1887, Preston 26 Hyde 0, Kombe la FA, matokeo ambayo mpaka leo hayajavunjwa kwenye mashindano hayo. Wengi wanamuandikia Ross mabao 7 siku ile na wengine 8, na hilo nalitaja kwa sababu utakutana na namba zote mbili, usidhani mmoja anakudanganya, waandishi wa magazeti wa enzi zile walikuwa wanaandika kwa mkono uwanjani na jezi hazina namba mgongoni.

Msimu uliofuata Football League, yaani ligi ya Uingereza, ikaanza, timu 12, na Preston wakacheza mechi 22 wakashinda 18 wakatoka sare 4, hawakufungwa hata moja, mabao 74 kwa 15, pointi 11 mbele ya Aston Villa, na juu ya hapo wakabeba Kombe la FA bila kuruhusu bao hata moja kwenye mashindano yote. Ross alifunga 18 kwenye ligi ile ya kwanza. Tarehe 6 Oktoba 1888 Preston ikaipiga Stoke 7-0 na manne yakawa yake, mtu wa kwanza kufunga manne kwenye mechi moja ya ligi. Fainali ya kombe dhidi ya Wolves walishinda 3-0 na moja ni lake. Mwaka uliofuata wakachukua ligi tena na safari hii yeye ndiye mfungaji bora, mabao 24.

Hapo wengi wanafunga kitabu na ndipo wanapokosea, maana nusu ya pili ya maisha yake ndiyo inayonivuta mimi zaidi. Mwaka 1894 akaenda Liverpool, klabu changa ya miaka miwili, ikashuka daraja msimu wake wa kwanza, msimu wa pili ikafunga mabao 106 kwenye mechi 30 ikachukua ubingwa wa daraja la pili. Akaenda Burnley 1897, ubingwa wa daraja la pili tena. Februari 1899 akaenda Manchester City, na City nao wakachukua daraja la pili msimu huohuo. Klabu tatu tofauti, zote zinapanda na yeye yumo, na pale City akawa anacheza upande mmoja na kijana wa Kiwelisi anaitwa Billy Meredith, ambaye baadaye akawa mmoja wa mawinga wakubwa kabisa wa kizazi kilichofuata. Ross akafariki Juni 1902 akiwa na miaka 36, akiwa bado mchezaji wa City. Nick yeye alikufa kwa kifua kikuu 1894, miaka 31 tu. Inauma sana kusoma hiyo familia.

Upande wa pili, Johnny Campbell. Huyu anatoka Renton, kijiji cha wapaka rangi vitambaa kwenye bonde la mto Leven magharibi mwa Uskoti, na ukisikia kijiji elewa kijiji kweli, lakini kijiji hicho mwaka 1888 kilibeba Kombe la Uskoti kwa kuichapa Cambuslang 6-1, halafu mwezi Mei wakacheza na West Bromwich Albion waliokuwa wamebeba Kombe la FA, wakawapiga 4-1, wakajiita mabingwa wa dunia. Na nani angewabishia, maana nje ya visiwa vile mpira wa ushindani ulikuwa haujafika sehemu nyingi. Campbell alikuwepo kwenye kikosi kile akiwa bado kijana mdogo. Haikupita muda Sunderland, chini ya meneja Tom Watson, wakamchukua pamoja na kundi zima la Waskoti wengine.

Na huko ndiko aliwaka. Sunderland walichukua ligi 1892, 1893 na 1895, na misimu yote mitatu ya ubingwa mfungaji bora wa ligi alikuwa Campbell. 32 msimu wa kwanza, 31 msimu wa pili, 22 msimu wa tatu. Msimu wa 1892/93 Sunderland ikawa timu ya kwanza kufikisha mabao 100 kwenye msimu mmoja wa ligi. Mwaka 1895 wakaenda Edinburgh kucheza na Hearts, mabingwa wa Uskoti, wakashinda 5-3, kwa hiyo Campbell ana "ubingwa wa dunia" mara mbili, mmoja na kijiji chake na mwingine na Sunderland. Mwaka 1897 akahamia kwa majirani Newcastle United, wakapanda daraja, mwaka 1898 akaachana na mpira akaingia kwenye biashara ya baa. Naye akafa mapema, Juni 1906, hata miaka 40 hajafikisha.

Sasa wapange. Ukiangalia tu nani ana mabao mengi Campbell anashinda na hakuna ubishi, mfungaji bora mara tatu dhidi ya mara moja. Ila subiri kidogo. Mabao 24 ya Ross ya 1889/90 yalikuja kwenye msimu wa mechi 22, na Preston nzima ilifunga 71, yaani zaidi kidogo ya thuluthi moja yalikuwa yake. Mabao 32 ya Campbell yalikuja kwenye msimu wa mechi 26 na Sunderland ilifunga 93, hesabu ni ileile, thuluthi moja na kidogo. Kwa hiyo uzito wao ndani ya timu zao kwenye misimu yao bora ulikuwa sawa kabisa. Halafu misimu mikubwa ya Ross yote miwili ilichezwa kabla penalti haijazaliwa, ya Campbell yote mitatu baada yake. Sisemi Campbell alifunga kwa penalti, nasema mlango wa ziada ulikuwepo kwa timu za wakati wake na kwa Ross haukuwepo.

Na kuna nafasi. Campbell alikuwa fowadi wa kati, kazi yake kumalizia. Ross alikuwa wa ndani kulia, yule anayechukua mpira kwa viungo na kumlisha winga, na pale Preston winga wake alikuwa Jack Gordon, Mskoti mwenzake. Katikati yuko John Goodall, wazazi Waskoti, kakulia Kilmarnock, lakini kwa kuwa alizaliwa London akachezea timu ya taifa ya Uingereza, ndiye aliyemzidi Ross mabao msimu ule wa kwanza wa ligi. Sasa mtu wa ndani kulia anayetengeneza na bado anafunga 18 halafu 24, huyo kwangu ana kitu zaidi. Hapa tunaweza kubishana mpaka asubuhi na nitakusikiliza, lakini sitahama.

Kitu kimoja kinawaunganisha wote wawili na kinaniudhi hadi leo: hakuna hata mmoja aliyewahi kuvaa jezi ya timu ya taifa ya Uskoti. Si kwamba hawakuwa na uwezo, ni kwamba chama cha soka cha Uskoti kilikuwa hakiwachagui waliokwenda kulipwa Uingereza, waliwaona kama wasaliti hivi. Mpaka tarehe 4 Aprili 1896 ndipo wakakubali kuwaita, wakaita watano, na Uskoti wakaifunga Uingereza 2-1 Glasgow, ushindi wao wa kwanza dhidi ya Uingereza tangu 1889. Miaka yote ile walikuwa wanajiadhibu wenyewe. Ross alikuwa ameshafika 30, Campbell miaka yake bora imeshapita. Kwa hiyo ukikutana na orodha ya "mafowadi bora wa Uskoti" iliyopangwa kwa idadi ya mechi za timu ya taifa, iache, inawafuta watu wa kizazi hiki kabisa.

Na kuna mahali maisha yao yamekutana vibaya, ambapo kwangu ndipo panapostahili kusomwa kuliko hata ile 26-0. Mwaka 1898 kupanda daraja kulikuwa bado kwa mechi za mchujo, timu mbili za juu za daraja la pili dhidi ya mbili za mwisho za daraja la kwanza. Burnley ya Ross na Newcastle ya Campbell zikatoka daraja la pili, Stoke na Blackburn Rovers zikatoka la kwanza. Ikafika mechi ya mwisho, Stoke na Burnley, na wote wawili wakijua sare inawatosha. Unajua kilichotokea. 0-0, mpira umechezwa bila mtu kutaka kufunga, mashabiki mpaka wakawa wanaukamata mpira na kukataa kuurudisha uwanjani. Newcastle ndiyo iliyoumia. Makelele yakawa makubwa mpaka ligi ikaamua kuongeza timu kutoka 16 hadi 18, Newcastle na Blackburn nao wakaingia, mechi za mchujo zikafutwa, na kuanzia msimu uliofuata kupanda na kushuka kukawa kwa msimamo wa ligi moja kwa moja. Na timu zilizofaidika za kwanza kabisa na utaratibu huo mpya ni Glossop na Manchester City, City ambayo Ross alikuwa ameshahamia tayari! Yaani huyu mtu ukimfuata yeye peke yake unaona mfumo wa kupanda daraja ukivunjwa na kujengwa upya, na yeye yuko ndani pande zote mbili.

Ndiyo maana nasema Ross. Campbell ni hadithi ya timu moja kubwa na misimu yake mitatu ya moto, safi sana, inasomeka haraka, unaanza Renton unaishia Sunderland na kile kipande kidogo cha Newcastle. Ukitaka makala fupi, au una mtoto anayetaka hadithi ya kijana wa kijijini aliyekuja kuwa mfungaji bora, mpe Campbell na hatajuta. Lakini Ross anakupitisha kwenye malipo ya siri, kuhalalishwa kwake, ligi ya kwanza duniani, timu ya kwanza kumaliza bila kufungwa, Liverpool na City zikiwa bado vitoto, na mwisho kabisa ile sheria ya 1901 ya kuweka kikomo cha mshahara wa pauni 4 kwa wiki, iliyomkuta akiwa mkongwe. Sudell naye, yule bosi aliyeijenga Preston, alifungwa jela miaka mitatu mwaka 1895 kwa kuiibia kampuni ya kiwanda alichokisimamia. Hadithi ina mkia mrefu.

Wengine kwa haraka. Kama wewe ni mtu wa Celtic au unataka aliyebaki nyumbani, mchukue Sandy McMahon. Alitokea Hibernian, akaingia Celtic mwanzoni mwa miaka ya 1890, na fainali ya Kombe la Uskoti ya 1892 Celtic ilipoipiga Queen's Park 5-1 alifunga mawili, na hilo likawa kombe la kwanza kabisa kwa klabu hiyo. Mwaka huohuo Nottingham Forest wakamchukua yeye na mwenzake kwenda Uingereza, ikabidi viongozi wa Celtic wafunge safari kumtafuta na kumrudisha, na akarudi. Kwa kuwa alirudi mlango wa timu ya taifa ukabaki wazi kwake, Februari 1901 akafunga manne Uskoti ilipoifunga Ireland 11-0. Ukimlinganisha na Ross utaona vizuri kabisa gharama ya ile treni ya kwenda kusini. Huyu kwa kweli ni wa pili kwangu, anamzidi hata Campbell kwa utamu wa hadithi.

Archie Hunter wa Aston Villa ametangulia wote hawa, alifika Birmingham 1878, akafunga kila raundi ya Kombe la FA 1886/87 mpaka fainali. Mzuri, ila kipindi chake kikubwa kiliisha ligi ndiyo kwanza inaanza.

John Cameron wa Ayr mchague ukivutiwa na haki za wachezaji kuliko mabao. Alikuwa katibu wa chama cha wachezaji kilichoanzishwa 1898, mwenyekiti akiwa Mskoti mwingine fowadi, Jack Bell wa Everton. Kisha akaenda Tottenham na mwaka 1901 akiwa meneja na mchezaji kwa pamoja akafunga kwenye fainali ya marudio, Tottenham wakabeba Kombe la FA wakiwa hata hawamo kwenye Football League. Vita vya kwanza vya dunia vilimkuta Ujerumani anafundisha mpira, akawekwa kizuizini kambi ya Ruhleben.

Tahadhari moja kabla hujaanza kutafuta: John Campbell wako wawili, wote Waskoti, wote mafowadi, wote miaka ya 1890. Huyu wa Sunderland na mwingine aliyekuwa Celtic kisha Aston Villa, na huyo wa Villa naye alikuwa kileleni mwa wafungaji msimu wa 1895/96. Nimeona mabao ya mmoja yamepewa mwingine mara nyingi tu, kwa hiyo angalia klabu na mwaka kabla hujaandika chochote.

Na ukiamua Ross usianze na ule msimu wa kutofungwa, kila mtu anaanza huko. Anza na 1887/88, Preston wanapita kila timu mpaka fainali, halafu West Bromwich Albion, kikosi cha Waingereza watupu, wanawapiga 2-1 uwanja wa Oval. Inasimuliwa kwamba Preston waliomba kupigwa picha na kombe kabla ya mechi, jezi zikiwa bado safi, wakakataliwa. Ukishaiona ile timu ikipoteza vile ndiyo usogee kwenye msimu uliofuata, utaelewa walikuwa wanacheza kwa hasira gani.